Mchukuzi na Mzigo: Serikali, Intaneti na Mtandao Usiobagua kwa Mifano ya Ilemela

1.0 Utangulizi

Suala la iwapo serikali idhibiti intaneti au iiache huru limejadiliwa nchini Tanzania kwa zaidi ya miaka kumi, na aghalabu limejadiliwa kana kwamba ni suala moja lenye majibu mawili. Wapo wanaosema kwamba intaneti isiyodhibitiwa ni hatari kwa maadili, kwa watoto na kwa usalama wa taifa. Wapo pia wanaosema kwamba udhibiti wa aina yoyote ni njia ya kuwaziba watu midomo. Makala hii inashikilia kwamba pande hizi mbili zinabishana juu ya mambo mawili tofauti yaliyopewa jina moja. Kuna udhibiti wa mchukuzi, yaani kampuni inayosafirisha mawasiliano kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine; na kuna udhibiti wa mzigo, yaani maneno, picha na habari zinazosafirishwa. Kwa upande wa intaneti, sheria za Tanzania zimeushughulikia mzigo kwa bidii kubwa na kumgusa mchukuzi juujuu tu. Mwenendo wa mchukuzi, hata hivyo, ndio unaomfikia kila mtumiaji kila siku anaponunua kifurushi.

Mifano mingi ya makala hii imechukuliwa Ilemela, mkoani Mwanza. Wilaya hiyo ilikuwa na wakazi 343,001 kwa sensa ya mwaka 2012, na 509,687 kwa sensa ya mwaka 2022. Ina mitaa iliyosongamana ya Kirumba, Kitangiri na Nyamanoro. Ina pia mialo ya Igombe na Kayenze, na visiwa ambako boti ndiyo basi. Hapo Kirumba pana soko la Mwaloni, ambako dagaa na samaki wakavu wa Ziwa Victoria hukusanywa na kuuzwa kwa wanunuzi wa mikoani na wa nchi jirani, ikiwamo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Biashara ya dagaa ni biashara ya habari. Dagaa walioanikwa wakinyeshewa na mvua hushuka daraja, na wale ambao wangeliwa na watu huishia kuwa chakula cha kuku. Kwa hiyo anayejua mapema bei ya sokoni, hali ya hewa na lori linaloondoka jioni hupata, na anayechelewa kujua hupoteza. Katika mazingira ya namna hiyo swali la nani anapitisha habari, kwa bei gani na kwa kumpendelea nani, ni swali la chakula.

2.0 Neno "mtandao" na utata wake

Sehemu ya mkanganyiko huu inatokana na lugha yenyewe. Neno mtandao limetokana na kitenzi tanda, na kwa asili hutaja kitu kilichoenea na kushikana. Katika matumizi ya leo limebeba angalau maana tatu. Mtu akiulizwa Mwaloni "Uko mtandao gani?" hutaja jina la kampuni ya simu. Mvuvi aliye kisiwani akisema "Mtandao hakuna" anakusudia mawimbi ya mnara. Na anayesema "Nimeiona mtandaoni" anazungumzia yaliyomo: picha, habari au porojo aliyoisoma. Kampuni, mawimbi na yaliyomo, yote ni mtandao.

Athari yake si ya kisarufi tu. Kiongozi anaposema kwamba serikali "itadhibiti mtandao", msikilizaji hawezi kujua kama zitadhibitiwa bei za kampuni, minara, au maneno ya watu. Mwananchi aliyechoshwa na bei ya vifurushi anaweza kuipigia makofi kauli hiyo, kumbe iliyokusudiwa ni leseni ya wanaoandika. Hata Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 huitwa hivyo ilhali makosa mengi yanayotajwa humo ni ya watumiaji, si ya mtandao kwa maana ya kampuni.

Dhana inayojadiliwa hapa ilipewa jina lake la Kiingereza na Tim Wu, mwanasheria wa Marekani, mwaka 2003. Kuitafsiri kwa Kiswahili kuna mtego. Ukisema "kutofungamana kwa mtandao" unaleta kumbukumbu za siasa ya nje ya miaka ya 1960 na 1970, na ukisema "kutoegemea upande" unamchora mwamuzi wa mpira. Dhana yenyewe ni nyepesi kuliko hayo: mchukuzi asibague mizigo kwa sababu ya mwenye mzigo au ya kilichomo ndani. Kwa hiyo makala hii inatumia istilahi mtandao usiobagua, na kitendo kinachokatazwa kinaitwa ubaguzi. Neno hilo ni zito, lakini linafahamika kwa msomaji yeyote.

Jina ni jipya ila kanuni ni ya zamani. Sheria ya uchukuzi iliyorithiwa kutoka Uingereza ilimtambua mchukuzi wa umma, ambaye hana ruhusa ya kumkataa mteja aliye tayari kulipa nauli iliyotangazwa. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928 na kuanza kubeba pamba ya Usukuma, thamani yake kwa umma ilitegemea jambo hilo hilo: kwamba gunia la mtu mdogo na gunia la mtu mkubwa, yakiwa na uzito sawa na yakienda mahali pamoja, yanalipiwa kwa jedwali moja la nauli. Mchukuzi anayejua kwamba mteja hana njia nyingine hushawishika kulivunja jedwali hilo.

Katika intaneti, ujumbe hukatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande huandikwa kinakotoka na kinakokwenda. Mitambo iliyo njiani husoma anwani hiyo na kukisukuma mbele. Mitambo ya kisasa inaweza kusoma zaidi ya anwani. Inaweza kutambua kwamba kipande hiki ni cha WhatsApp, kile ni cha video, na kingine ni cha simu inayopigwa kwa intaneti. Akishatambua, mchukuzi anaweza kukipa kasi, kukichelewesha, kukitoza bei tofauti, au kukizuia kabisa. Si kila tofauti ni ubaguzi, bila shaka. Njia ikijaa, kuyatanguliza mazungumzo ya sauti mbele ya faili linaloweza kungoja nusu dakika ni uendeshaji wa kawaida wa mitambo. Ubaguzi huanza pale kigezo kinapokuwa ni nani mwenye huduma, au nini kimesemwa.

3.0 Funzo la simu za sauti

Wanaodai kwamba serikali haina uwezo wa kumwongoza mchukuzi bila kuharibu soko wanasahau historia ya karibuni ya simu za sauti. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1993 ilifuatwa na kugawanywa kwa shirika la posta na simu mwaka 1994, na kampuni binafsi zikaanza kuingia. Mwaka 2003 ilitungwa sheria ya kuunda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Kampuni ziliongezeka, bei ya kupiga simu ndani ya kampuni moja ikashuka, lakini kupiga kutoka kampuni moja kwenda nyingine kulibaki ghali. Wakazi wa Mwanza, kama wa kwingineko, wakajibu kwa njia yao: mfanyabiashara alibeba simu mbili au tatu, na daftari lake la wateja lilipangwa kwa kampuni zao. Mteja aliyekuwa kampuni nyingine hakupigiwa, "alibipiwa".

Chanzo cha ughali huo kilikuwa ada ya muunganisho, yaani fedha ambayo kampuni ya mpigaji huilipa kampuni ya mpokeaji kwa kila dakika. Kampuni kubwa ilikuwa na kila sababu ya kuitaka ada hiyo ibaki juu, kwa kuwa iliwafungia wateja ndani ya uzio wake. TCRA iliingilia kati. Mwezi Machi 2013 ada ilishushwa kutoka takriban shilingi 112 hadi shilingi 34.92, na kwa jedwali lililotangazwa mapema ikafika shilingi 26.96 mwaka 2017. Jedwali jingine likaanza mwaka 2018 kwa shilingi 15.60 na kuishia shilingi 2 mwaka 2022. Machi 2017 ilianzishwa pia huduma ya kuhama kampuni bila kubadili namba. Kampuni hazikufilisika kwa ajili ya hatua hizo. Uzio ulibomoka taratibu, na leo kijana wa Pasiansi huona ajabu akisikia kwamba zamani watu waliulizana mtandao kabla ya kupigiana.

Hapa pana jambo ambalo wachambuzi wengi hawalitaji. Katika hatua zote hizo mdhibiti hakuuliza kilichosemwa ndani ya simu. Hakuhitaji kujua kama dakika ilitumika kuuza dagaa, kutongoza au kuisema serikali. Alimbana mchukuzi na kuuacha mzigo, na udhibiti huo ukawaongezea watu uhuru wa kuzungumza. Hii inatosha kuonyesha kwamba neno udhibiti halina haja ya kuogopwa lenyewe kama lenyewe.

4.0 Kifurushi, mwezi na uzio mpya

Uzio uliobomolewa katika sauti umejengwa upya katika data, safari hii kwa matofali mengine. Watumiaji wengi wa Ilemela hawalipii intaneti kwa mwezi kwa akaunti ya nyumbani. Wananunua kifurushi, au bando kama linavyoitwa mitaani: cha siku, cha wiki, cha mwezi, kila kimoja na kikomo chake cha muda. Muda huo hufuata saa. Kipato cha mwalo hufuata mwezi wa angani, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa pevu wavuvi hupumzika siku kadhaa. Fedha huja na giza na huondoka na mbalamwezi. Mwenye kipato cha namna hiyo hununua kidogo kidogo, na anayenunua kidogo kidogo kwa kawaida hulipa zaidi kwa kila kipimo kuliko anayenunua kwa jumla. Hilo bado si ubaguzi wa mtandao, ni ubaguzi wa umaskini uliozoeleka tangu duka la kwanza lilipouza sukari kwa kijiko. Lakini ndio mlango ambao ubaguzi wa mtandao huingilia.

Huingia kwa sura ya hisani. Mwaka 2014 kampuni ya Tigo, ambayo tangu mwishoni mwa mwaka 2024 inaitwa Yas, ilishirikiana na Facebook kuileta nchini Internet.org, iliyokuja kujulikana kama Free Basics: baadhi ya tovuti zilifunguka bila kukatwa salio. Kampuni ya Airtel ilifanya hivyo Kenya mwaka huo huo. Baadaye zilienea aina mbalimbali za vifurushi vya mitandao ya kijamii, ambavyo kwa fedha kidogo humpa mtu WhatsApp au Facebook peke yake. Mnunuzi hufurahi, na ana haki ya kufurahi, maana anaongea na jamaa zake kwa bei nafuu.

Tazama lakini kinachotokea anapotumiwa habari. Kichwa cha habari kinaonekana ndani ya WhatsApp. Ukibonyeza ili usome habari kamili, unatoka nje ya uzio na kuambiwa huna salio la data. Sauti iliyorekodiwa na mtu asiyejulikana husikika bila gharama ya ziada, na tangazo la mamlaka ya hali ya hewa lililo katika tovuti yake halifunguki. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003 na inayoandikwa kwa kujitolea, iko nje ya uzio. Gazeti liko nje, na kamusi pia. Msomaji maskini hajazuiliwa na mtu yeyote kuyasoma hayo. Ametozwa tu zaidi kwa ukweli kuliko kwa uvumi. Kwa wanaoshughulika na Kiswahili jambo hili lingepaswa kuwa zito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa bei ndiyo inayoamua ni Kiswahili gani kisomwe kwa wingi: kile kilichohaririwa au kile cha kusambaziana.

India ililitazama suala hili kwa makini zaidi kuliko nchi nyingi. Tarehe 8 Februari 2016 mdhibiti wa simu wa nchi hiyo alipiga marufuku bei za data zinazotofautiana kwa kutegemea yaliyomo, na Free Basics ikaondoka. Watetezi wa huduma hiyo walisema kwamba maskini amenyang'anywa hata kile kidogo alichopewa. Hoja hiyo haipaswi kudharauliwa. Mnara wa kisiwani hauna wateja wengi, mafuta ya jenereta husafirishwa kwa boti, na kampuni ikikatazwa kubuni vifurushi huenda ikakataa kwenda huko. Lakini Tanzania ilikwisha kulijibu tatizo la minara kwa njia nyingine. Sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na kampuni huchangia mfuko huo ili pelekwe huduma mahali ambapo biashara peke yake isingeipeleka. Kwa hiyo gharama ya kisiwa ina fungu lake, na haihitaji kulipwa kwa kumuuzia mkazi wa kisiwa kipande cha intaneti badala ya intaneti.

Serikali yenyewe ilipojaribu kuvigusa vifurushi ilijikwaa. Mwanzoni mwa mwaka 2021 TCRA ilitangaza taratibu mpya zilizokusudiwa kuondoa kero kama za salio kuisha muda kabla ya kutumika. Zilipoanza kutekelezwa tarehe 2 Aprili 2021 wananchi walikuta vifurushi vimepanda bei, kelele zikawa nyingi, na siku hiyo hiyo serikali ikasitisha mabadiliko. Tukio hilo hutajwa kama ushahidi kwamba udhibiti wa bei ni kazi bure. Linaonyesha jambo jembamba zaidi: mdhibiti aliangalia umbo la kifurushi, muda wake na uhamishaji wake, pasipo kuuliza kwa nini kipimo kile kile cha data kiwe na bei hii kikipelekwa huku na bei nyingine kikipelekwa kule.

5.0 Udhibiti wa mzigo

Upande wa mzigo hapakuwa na haya ya namna hiyo. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ilifuatwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kisha kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018. Kanuni hizo zilimtaka mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni awe na leseni ambayo, pamoja na ada ya maombi, iligharimu zaidi ya shilingi milioni mbili katika mwaka wa kwanza. Juni mwaka huo JamiiForums ilisimama kwa muda. Kanuni ziliandikwa upya mwaka 2020, na marekebisho ya mwaka 2022 yakalegeza masharti ya leseni. Oktoba 2023 TCRA iliwataka wanaotumia VPN, yaani njia ya siri inayofunika anwani ya mtumiaji, waziandikishe.

Madhumuni yaliyotajwa katika sheria hizi si ya kubeza. Ulaghai kwa simu upo, picha za faragha husambazwa ili kuwaumiza watu, na watoto hufikiwa na mambo yasiyowafaa. Mtu aliyetapeliwa mtaji wa magunia ya dagaa kwa ujumbe mfupi hahitaji kuhubiriwa uhuru wa habari. Tatizo ni njia iliyotumika pale serikali ilipoamua kwamba hatua dhidi ya mkosaji mmoja mmoja haitoshi, ikamgeukia mchukuzi na kumwagiza afunge njia nzima.

Hilo lilitokea zaidi ya mara moja. Kuelekea uchaguzi wa tarehe 28 Oktoba 2020, Twitter, WhatsApp na huduma nyingine zilizuiwa au kupunguzwa kasi. Tarehe 20 Mei 2025, baada ya akaunti ya polisi kudukuliwa, mtandao wa X ulizimwa nchini, na waziri mwenye dhamana akaeleza baadaye kwamba mtandao huo uliruhusu picha za ngono zinazokiuka sheria na maadili. Siku ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 intaneti yenyewe ilizimika nchi nzima, ikarejea siku chache baadaye, mwanzoni mwa Novemba.

Majirani wa Ziwa Victoria na wa magharibi wana visa vyao. Uganda ilianza tarehe 1 Julai 2018 kumtoza mtumiaji wa Facebook, WhatsApp, Twitter na huduma za aina hiyo shilingi 200 za nchi hiyo kwa siku, na Julai 2021 kodi hiyo ikabadilishwa kuwa asilimia 12 ya bei ya data. Ya kwanza ilikuwa ubaguzi wa huduma kwa njia ya kodi, ya pili ni kodi ya kawaida, nzuri au mbaya. Nchi hiyo hiyo ilizima intaneti kwa siku kadhaa katika uchaguzi wa Januari 2021. Kongo iliizima tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kupiga kura, kwa karibu wiki tatu.

Wiki tatu kwa mfanyabiashara anayemtegemea mnunuzi wa Kongo ni mzigo kuoza, au kuuzwa kwa bei ya hasara. Kuna faraja kidogo katika ufundi: huduma za kutuma fedha kwa namba za menyu ya simu hazipiti katika intaneti ya mteja, kwa hiyo intaneti ikizimwa peke yake menyu hiyo inaweza kuendelea. Lakini mnunuzi hulipa baada ya kuona picha ya dagaa na kukubaliana bei, na picha haipiti kwenye menyu. Amri iliyolengwa kwa wanasiasa hupita juu yao na kuanguka kwa mchuuzi.

Kwa upande wa sheria, ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari na uhuru wa kutoingiliwa mawasiliano yake. Ibara ya 30 inaruhusu mipaka kwa sheria. Tamko la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu la mwaka 2019 kuhusu uhuru wa kujieleza linazitaka nchi zisikate wala kuvuruga intaneti kwa umma au kwa sehemu ya umma. Mahakama ya jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi iliamua mwezi Juni 2020 kwamba Togo ilivunja haki ilipoizima intaneti mwaka 2017, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba hapakuwa na sheria ya nchi iliyoruhusu hatua hiyo. Uamuzi huo hauifungi Tanzania, ila swali lake ni lile lile: mchukuzi alipokea amri kwa sheria ipi, kwa muda gani, na nani angeweza kuipinga?

6.0 Mkono upi ufungwe

Hapo ndipo hoja mbili zinapokutana. Mtandao usiobagua hautapatikana kwa kumkataza mchukuzi kubagua kwa ajili ya faida, kisha kumlazimisha abague kwa ajili ya amri. Mitambo ni ile ile. Kifaa kinachoitambua WhatsApp ili kuiuza kwa bei nafuu ndicho kinachoitambua ili kuifunga usiku wa kuamkia uchaguzi. Kampuni inapowekeza katika kifaa hicho kwa sababu za biashara, serikali huikuta kazi yake imekwisha kufanywa. Kinyume chake, kampuni iliyozoea kupokea maagizo yasiyotangazwa haina sababu ya kumwogopa mdhibiti inapotengeneza maagizo yake yenyewe.

Kwa sababu hiyo ni vigumu kukubaliana na wale wanaotaka serikali ijitoe kabisa. Ikijitoa, uzio wa vifurushi hubaki, na nguvu ya kuzima nayo hubaki, kwa kuwa haikuwahi kutegemea kanuni za mchukuzi. Linalohitajika ni udhibiti unaomfunga mchukuzi mikono, na serikali ikiwa miongoni mwa wanaokatazwa kuifungua kwa simu ya faragha. Zuio lolote la huduma litokane na amri ya mahakama, litangazwe, liwe na tarehe ya kwisha, na lihusu kosa lililotajwa. Huenda ikasemwa kwamba mahakama ni polepole. Ni kweli, na polepole hiyo ndiyo kinga yenyewe.

Kuhusu bei, marufuku ya jumla kama ya India ni rahisi kusimamia lakini ingeondoa pia uwezekano wa kufungua tovuti za masomo bure kwa wanafunzi. Ulaya ilianza kwa njia nyingine: kanuni ya mwaka 2015 iliacha suala la huduma zisizokatwa salio katika mashaka, hadi mahakama ya Umoja wa Ulaya ilipolikaza kwa hukumu za mwaka 2020 na 2021 zilizozikataa ofa za namna hiyo. Ilichukua miaka sita. Kwa Tanzania kipimo rahisi kingetosha kuanzia: punguzo la bei litolewe kwa aina nzima ya huduma, kamwe si kwa mwenye huduma mmoja. Kama ni elimu, iwe elimu yote inayotimiza sharti lililotangazwa, ya taasisi ya serikali na ya mwalimu mmoja wa Buswelu aliyejitengenezea tovuti. Kama ni ujumbe, iwe programu zote za ujumbe, pamoja na ile ambayo kijana wa hapa hajaibuni bado.

Marekani inatoa onyo la aina nyingine. Kanuni ya mtandao usiobagua ilipitishwa na tume ya mawasiliano mwezi Februari 2015, ikafutwa Desemba 2017, ikarudishwa Aprili 2024, na mahakama ya rufani ikaibatilisha Januari 2025. Sababu kubwa ya kuyumba huko ni kwamba sheria mama haikueleza waziwazi kama mtoa intaneti ni mchukuzi au ni mtoa habari, hivyo kila tume mpya ilimbatiza upya.

Tanzania haina udhuru huo. Tangu mwaka 2005 mfumo wake wa leseni umetenganisha mafungu manne: miundombinu, huduma ya mtandao, huduma zinazotumia mtandao, na maudhui. Mchukuzi na mzigo walikwisha kupewa vyumba tofauti karibu miaka ishirini iliyopita, na kampuni yenye leseni ya kusafirisha haijapewa kwa leseni hiyo ruhusa ya kuchagua maudhui. Kilichokosekana ni kifungu kinachosema hivyo kwa intaneti kama jedwali la ada ya muunganisho lilivyosema kwa sauti.

Wataalamu wa lugha wana zamu yao hapa, na si ya kupamba. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na sheria za mawasiliano, zilizoandikwa kwa Kiingereza, zinapaswa kufasiriwa. Mfasiri atakapofika kwenye yale mafungu manne atakuta kila mahali neno moja la Kiswahili linamngoja. Akiandika mtandao kwa miundombinu, mtandao kwa huduma, na mtandao tena kwa maudhui, tofauti ambayo sheria iliijenga itakuwa imefutwa bila Bunge kupiga kura. Hakimu wa Ilemela atakayeletewa shauri la kifurushi atasoma kifungu kilichokusudiwa kwa blogu. Istilahi za kutenganisha zipo: miundombinu, huduma ya kusafirisha, maudhui, na kwa kampuni yenyewe, neno mchukuzi, ambalo wabebaji wa magunia pale Mwaloni wanalielewa bila kamusi.